Fremu na ghorofa kwa bei moja: kisa cha kiwanja cha Majengo, Dodoma

Kiwanja kipo Majengo, mwendo mfupi kutoka sokoni, na kina ukubwa wa mita za mraba 820. Mbele kuna fremu 6 zinazotazama barabara, pembeni kibanda cha mashine ya kusaga na kukoboa, na uani vyumba 9 vya kupangisha vilivyozunguka mwarobaini mmoja na choo cha shimo. Wauzaji ni warithi: watoto 5 wa marehemu pamoja na mjane wake. Bei waliyoitangaza kupitia dalali ni shilingi milioni 380. Mnunuzi ni mama mfanyabiashara wa mahindi kutoka Kibaigwa. Anataka kuihamishia akiba yake mjini, avune kodi kwa muda, kisha avunje na kujenga upya.

Kisa ni cha mfano. Nimekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia kwenye mauzo ya viwanja vya zamani vya katikati ya Dodoma. Bei, kodi za pango na gharama za ujenzi ni za mfano; sheria, kodi za serikali na ngazi za ofisini ndizo hizo hizo mnunuzi atakazokutana nazo. Nakiandika kwa sababu pesa zinazopotea kwenye mauzo ya namna hii mara nyingi ni akiba ya mtu ya maisha yake yote, na zinapotea kihalali kabisa, kwa saini yake mwenyewe.

Siku ya kwanza dalali alimwambia mama: "Mama yangu, hapa unanunua fremu na ghorofa kwa bei moja." Ilisemwa kwa nia ya kumsifia mali, lakini ndani yake ndimo lilimo tatizo lote la bei ile. Fremu zinazoingiza kodi zina thamani. Nafasi ya kujenga kitu kikubwa zaidi nayo ina thamani. Ila mtu hawezi kuvila vyote viwili, kwa sababu siku fundi anapoanza kuchimba msingi mpya ndiyo siku kodi ya fremu za zamani inapokatika. Anayelipia kodi ya leo kwa ukamilifu, halafu akalipia na ghorofa la kesho kwa ukamilifu, amelipa kiwanja kimoja mara mbili.

Kodi inayotajwa na kodi inayoingia

Hesabu ya dalali ilikuwa rahisi. Fremu 6 kwa 250,000 kila moja, milioni 1.5. Vyumba 9 kwa 50,000, elfu 450. Mashine, elfu 300. Jumla milioni 2.25 kwa mwezi, milioni 27 kwa mwaka. Kwa bei ya milioni 380, hiyo ni asilimia 7 na pointi kidogo. Kwenye karatasi inavutia.

Kodi halisi ilikuwa kwenye daftari la kaka mkubwa wa familia, lile daftari gumu la kaunta lenye mistari myekundu pembeni. Kila ukurasa ni mpangaji mmoja: tarehe, kiasi, miezi aliyolipia, saini mbili. Ukilisoma taratibu, huku umesimama mbele ya kila mlango na kumwuliza mwenye mlango kwa heshima analipa ngapi na amelipia hadi lini, picha inabadilika. Fremu tatu kweli zinalipa 250,000. Ya fundi cherehani inalipa 180,000 na haijapanda kwa miaka. Moja inatumiwa na dada wa familia bila kulipa chochote. Moja imefungwa, kufuli limeshika kutu. Vyumba vinavyolipa ni 7, kwa 45,000. Viwili vilivyobaki anakaa mjane. Mashine inalipa 250,000. Hiyo ni milioni 1.495 kwa mwezi, karibu milioni 17.9 kwa mwaka.

Toa humo asilimia 10 ya kodi ya mapato ya pango. Mpangaji wa biashara anatakiwa aikate mwenyewe na kuipeleka TRA, na hapa hakuna hata mmoja aliyekuwa akikata. Toa kodi ya ardhi, kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU (1,500 kwa mwezi kwa mita ya nyumba ya kawaida tangu mwaka 2023), uzoaji taka, kunyonya choo, ukarabati wa mabati kila masika. Hizi, mbali na ile asilimia 10, tuseme ni milioni 2.5 kwa mwaka. Kinachobaki mkononi ni milioni 13.6. Kwa bei ya milioni 380 hiyo ni asilimia 3.6, na hati fungani za serikali (yaani kuikopesha serikali kwa riba) za miaka 20 na 25 zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 12 bila mtu kugongewa mlango usiku kwamba bomba limepasuka.

Bila shaka ardhi hupanda bei na hati fungani haipandi, kwa hiyo mnunuzi wa ardhi hukubali kupokea kidogo. Tukimpa asilimia 8, yaani ile milioni 13.6 iwe asilimia 8 ya bei, mali hii kama chanzo cha kodi, ilivyo leo, ina thamani ya milioni 170.

Kuna jambo jingine ndani ya lile daftari ambalo wanunuzi wengi hawalioni. Mjini kwetu kodi hulipwa kwa miezi sita au mwaka mzima. Mwenye duka la dawa alikuwa amelipa mwaka, bado miezi 10 mbele. Fremu ya pili ilikuwa imelipiwa miezi 4 mbele, ya tatu miezi 2. Ni milioni 4 ambazo warithi walishazipokea na kuzitumia. Mnunuzi akihamisha hati kesho, wapangaji hao wana haki ya kukaa hadi muda walioulipia uishe, na yeye hapati kitu kwao. Fedha hiyo lazima ikatwe kwenye bei. Haihitaji mabishano, inahitaji mtu kuikumbuka kabla ya kusaini.

Nani anaweza kuondoka, na lini

Kwa mtu anayenunua ili avunje, swali la mpangaji analipa ngapi ni la pili. La kwanza ni anaondokaje.

Tanzania haina tena sheria ya kudhibiti kodi za nyumba; ile ya zamani ilifutwa mwaka 2005. Mahusiano ya mwenye nyumba na mpangaji yanasimama kwenye mkataba wao na kwenye Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Mnunuzi anaichukua mali pamoja na upangaji uliomo. Pale ambapo mkataba hautaji muda wala notisi, sheria inautazama kama upangaji wa vipindi kwa kufuata jinsi kodi inavyolipwa, na notisi inafuata kipindi hicho. Kwa vyumba vya uani vinavyolipwa mwezi kwa mwezi, hilo ni jepesi. Kwa fremu zinazolipwa kwa miezi sita, notisi ya mwezi mmoja inaweza kuzaa kesi ya miaka miwili.

Mkataba mgumu ulikuwa wa duka la dawa: miaka 5, miaka 3 bado, umesainiwa na mwenye duka na mmoja wa wadogo wa familia. Mrithi mmoja ambaye hajateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi hana mamlaka ya kupangisha mali ya marehemu kwa miaka 5. Wakili angeweza kusimama hapo na kupigana. Lakini mwenye duka alikuwa amelipa kodi kwa uaminifu, warithi wote waliila hiyo kodi, na alipoingia alimlipa mpangaji aliyemtangulia kilemba cha milioni 3 ili aachiwe fremu ya pembe. Mtu wa namna hiyo ukimfukuza kwa hoja ya karatasi atakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba, ataomba zuio, na ujenzi wako utasimama huku riba ya benki inatembea. Tena kwa maoni yangu si haki. Yeye ndiye aliyeifanya pembe ile iwe na thamani inayouzwa sasa.

Na mjane? Dalali hakumtaja kabisa. Anakaa vyumba viwili vya uani, amekaa humo tangu alipoolewa, na katika maelezo ya mauzo vyumba vyake vilihesabiwa kama vyumba vya kupangisha. Mirathi inakwenda kwa sheria ya Kiislamu, na marehemu ameacha watoto, kwa hiyo fungu la mjane ni thumni, moja ya nane. Mnunuzi anayemruka mjane kwa kuwa watoto wamesema "mama tutamalizana naye sisi" anajinunulia kesi, na anashiriki kumwondoa mtu kwenye nyumba yake bila kumuuliza. Mama wa Kibaigwa alikwenda kuketi naye uani, wawili tu, kabla ya kuzungumza bei na mtu yeyote. Nadhani hicho kikao kilikuwa na thamani kuliko ripoti zote zilizofuata.

Hati ya CDA

Dodoma ina historia yake ya hati, na asiyeijua atashangaa. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Ndiyo iliyomiliki ardhi ya mji na kuwagawia wananchi kwa mikataba ya miaka 33. Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja CDA, majukumu yake yakaenda manispaa, ambayo Aprili 2018 ikawa Jiji, na ikaelekezwa kwamba wenye mikataba ya miaka 33 wapate hati za miaka 99.

Marehemu alipewa mkataba wake mwaka 1995. Alifariki kabla CDA haijavunjwa, na hakuna aliyeupeleka kubadilishwa. Maana yake karatasi ambayo warithi waliiita "hati" na kuihifadhi ndani ya bahasha ya kaki inaishia mwaka 2028. Benki haitatoa mkopo wa ujenzi wa miaka 10 juu ya karatasi hiyo. Kiwanja kile kile, kikiwa na hati ya miaka 99 na kisiwe na hati hiyo, ni mali mbili tofauti kwa bei.

Upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ukaonyesha mengine. Jina kwenye kumbukumbu bado ni la marehemu. Mtoto mkubwa aliteuliwa kuwa msimamizi na Mahakama ya Mwanzo, lakini usimamizi wake haukuwahi kusajiliwa kwenye hati, na hakuwahi kurudisha mahakamani orodha ya mali wala hesabu ya mgawanyo, vitu vinavyotakiwa ndani ya miezi 4 ya uteuzi. Kodi ya ardhi ilikuwa na malimbikizo ya miaka kadhaa. Na matumizi yaliyoandikwa kwenye mkataba ni makazi. Fremu zote 6 na mashine, yaani zaidi ya robo tatu ya kodi yote, vimekaa miaka yote kinyume na masharti ya umiliki.

Hilo la mwisho watu hulipuuza kwa sababu mtaa mzima unafanya biashara. Unaweza kulipuuza ukiwa unakusanya kodi tu. Ukitaka kibali cha ujenzi wa jengo la biashara na makazi, huwezi. Jiji litapima maombi kwa mpango kabambe wa mji wa 2019 hadi 2039, majirani watapewa nafasi ya kusema, kamati itakaa, wizara itaridhia, kodi ya ardhi itakadiriwa upya kwa matumizi mapya, na ndipo michoro itazungumzwa. Hesabu muda huo kwa misimu, usihesabu kwa wiki.

Ghorofa linalotaka kiwanja cha bure

Mama alikuja na picha ya ghorofa kwenye simu yake: sakafu 4, vioo vya bluu, maduka chini, ofisi na nyumba za kupangisha juu. Msanifu majengo akaipima picha hiyo juu ya kiwanja halisi. Ukiacha nafasi za pembeni zinazotakiwa na maegesho, jengo linaweza kukalia mita za mraba 410, kwa sakafu 4 zikawa 1,640. Ngazi, korido na kuta zikitolewa, za kupangisha zinabaki kama 1,300: 300 za maduka na 1,000 za juu.

Kodi ya maduka mapya tukaiweka 18,000 kwa mita kwa mwezi, ya juu 11,000. Tukachukulia asilimia 85 ya jengo imejaa muda wote, na asilimia 22 ya pato inakwenda kwenye kodi za serikali, ulinzi, umeme wa korido, lifti na matengenezo. Linabaki pato la milioni 130 kwa mwaka. Kwa mtu anayetaka shilingi 10 kwa mwaka kwa kila 100 alizoweka, jengo hilo likikamilika lina thamani ya bilioni 1.305.

Gharama ya kulijenga, kwa makadirio ya mkadiriaji majenzi ya 700,000 kwa mita, ni bilioni 1.148. Ongeza asilimia 8 ya wataalamu, hati, vibali, wapangaji, na riba ya benki ya karibu asilimia 15 wakati jengo halijaingiza shilingi: bilioni 1.36. Jengo limezidiwa na gharama yake kwa milioni 55. Warithi wangetakiwa kutoa kiwanja bure na kuongeza pesa juu.

Mama alinyamaza, kisha akauliza: "Sasa hao wanaojenga wanajengaje?" Ni swali la haki. Wengine wanajenga kwa pesa zao wenyewe taratibu kwa miaka 8, hawaihesabu riba. Wengine wana mpangaji mkubwa aliyesaini kabla ya msingi. Na wengine wanapata hasara ambayo haionekani kwa kuwa jengo limesimama na linang'aa.

Mimi nilikuwa na wasiwasi wa ziada kuhusu zile ofisi za juu. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, wizara zilitafuta nafasi popote mjini na kodi za ofisi zikachangamka. Tangu Aprili 2019, ulipozinduliwa Mji wa Serikali Mtumba, mahitaji hayo yanaelekea mashariki, mbali na Majengo. Stendi kuu ya mabasi na soko la Job Ndugai viko Nzuguni. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, inayaelekeza malori nje ya mji. Madalali huvitaja vyote hivi, pamoja na treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, kama sababu ya kila kiwanja kupanda bei. Vingine vinavuta watu kutoka katikati ya mji. Watu wa Dodoma wameongezeka kweli, sensa ya 2022 ilihesabu 765,179 jijini kutoka 410,956 wa mwaka 2012, na watu hao wananunua unga, dawa, vitambaa na vifaa vya simu. Hiyo ni nguvu ya fremu. Ofisi ya sakafu ya tatu isiyo na mpangaji haisaidiwi na sensa.

Kwa hiyo tukapima kitu kidogo zaidi: jengo la sakafu mbili, maduka mazuri chini yenye stoo nyuma, juu nafasi ndogo ndogo za saluni, mafundi wa nguo, wakala wa bima, kliniki ya meno. Mita 450 kila sakafu. Za kupangisha 360 chini na 350 juu. Kwa kodi zile zile na asilimia zile zile, pato ni milioni 82 kwa mwaka, thamani milioni 822. Halihitaji lifti, msingi wake ni mwepesi, linajengwa kwa 550,000 kwa mita: milioni 495. Wataalamu milioni 40, kubomoa na kuwasaidia wapangaji kuhama milioni 15, hati na vibali milioni 20, riba pamoja na kodi inayokosekana wakati wa ujenzi milioni 50. Jumla milioni 620. Kinachobaki kwa ajili ya kiwanja ni milioni 202.

Mwana wa mama, ambaye ni fundi umeme, akapendekeza njia ya mkato: ziachwe fremu za zamani, zipandishiwe sakafu juu. Hapana. Fremu zile zilijengwa kwa matofali ya saruji juu ya msingi wa kubeba bati, hazina nguzo. Jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu, na kila anayefikiria kuchokonoa au kubebesha jengo la zamani bila mhandisi aliyesajiliwa anapaswa kulikumbuka jina la mtaa ule.

Sasa weka tarakimu mbili pamoja. Kama chanzo cha kodi, milioni 170. Kama kiwanja cha kujenga upya, milioni 202. Ukizijumlisha unapata milioni 372, karibu kabisa na ile 380. Sidhani kama dalali alikaa chini akapiga hesabu hiyo. Bei za mtaani hujitengeneza zenyewe kwa masikio. Lakini ndiyo maana ya "fremu na ghorofa kwa bei moja". Thamani ya mali ni ile kubwa kati ya hizo mbili, na kutoka hapo unatoa gharama ya kasoro zake.

Dalali alikuwa na jibu, na lilistahili kusikilizwa: kiwanja cha jirani, kidogo zaidi, kiliuzwa milioni 350. Tukakifuatilia. Kilikuwa na hati ya miaka 99, matumizi ya biashara na makazi, hakina mpangaji hata mmoja, na mnunuzi alikuwa na duka la jumla kiwanja kinachofuata, akitaka kuunganisha. Huyo alinunua nafasi ambayo kwake ina thamani isiyokuwepo kwa mtu mwingine. Bei ya jirani ni ushahidi pale tu mali zinapofanana kwenye karatasi, na hizi zilifanana kwa mtaa peke yake.

Mapatano

Mama alitoa ofa ya milioni 200. Warithi walikasirika, wawili wakaacha kupokea simu. Mazungumzo yalifufuliwa na mjane, ambaye hakuwa na sababu ya kusubiri miaka mingine mitano akiwa mlezi wa nyumba inayovuja. Walikubaliana milioni 225, ziada ya 25 ikiwa ni malipo ya kuwafanya wauzaji wenyewe wasafishe karatasi.

Malipo yalipangwa kwa ngazi, kupitia akaunti ya wakili. Milioni 40 baada ya usimamizi wa mirathi kusajiliwa, warithi wote kusaini ridhaa na mjane kusaini yake mbele ya wakili wake mwenyewe. Milioni 60 baada ya mkataba wa CDA kubadilishwa kuwa hati ya miaka 99 na malimbikizo ya kodi ya ardhi kulipwa. Milioni 125 siku uhamisho utakapokamilika, zikitolewa zile milioni 4 za kodi iliyokwishaliwa. Kodi ya pango ambayo haikuwahi kupelekwa TRA iliandikwa kuwa deni la wauzaji, kwa maneno yanayoeleweka.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na tangu mwaka 2023 asiye na kumbukumbu za gharama za kuipata mali anaweza kulipa asilimia 3 ya thamani ya mauzo. Risiti za marehemu zilishapotea, wakachukua asilimia 3, milioni 6.75. Ushuru wa stempu, karibu asilimia 1, ukawa wa mama. Kaka mkubwa alipendekeza mkataba uandikwe milioni 120 ili kodi ipungue. Mama alikataa, na alifanya vyema: mthamini wa serikali ana thamani yake, na siku mama atakapouza, tofauti yote ile ingekuwa faida yake ya kutozwa kodi. Achilia mbali kwamba ukigombana mahakamani, mkataba unasema ulilipa 120.

Mjane, baada ya kodi, fungu lake lilikuwa milioni 27 na ushei. Yeye na mama waliandikishiana kwamba atakaa vyumba vyake bila kodi hadi kibali cha ujenzi kitoke, au hadi nyumba ndogo anayoijenga Nala iezekwe, lolote litakalotangulia kwa taarifa ya miezi 3.

Mwenye duka la dawa alisaini mkataba mpya na mmiliki mpya: anakaa hadi kibali kitoke, anapewa notisi ya miezi 6, na ana haki ya kwanza ya fremu ya pembe kwenye jengo jipya kwa kodi ya soko, bila kilemba. Hakulipwa kilemba chake cha zamani, ila kodi ya miezi 3 ya mwisho atasamehewa ili agharimie kuhama. Wengine wa mbele walipewa mikataba ya mwaka mmoja yenye kifungu cha notisi ya ujenzi. Dada wa familia aliambiwa alipe kama wengine, akachagua kuondoka. Fremu yake na ile iliyofungwa zilipata wapangaji kwa 250,000 kila moja, na pato halisi la mwaka likapanda hadi milioni 19. Juu ya bei ya milioni 225 hiyo ni asilimia 8.5, na ndiyo kazi ya kodi katika mali ya aina hii: inamlisha mwenye mali wakati faili lake linatembea ofisini. Ingekuwa ni kiwanja kitupu, kila mwezi wa kusubiri ungekula mfukoni mwake.

Hati ya miaka 99 imetoka na uhamisho umesajiliwa kwa jina la mama. Maombi ya kubadili matumizi kuwa makazi na biashara yako Jiji, tangazo limebandikwa kwenye ukuta wa fremu ya fundi cherehani, na jirani wa nyuma ameandika barua kuulizia maji ya mvua yatakapoelekezwa. Msanifu amemjibu kwa mchoro wa mfereji. DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, wameulizwa kama mtandao wa majitaka unaweza kuunganishwa kutoka barabarani, kwa kuwa choo cha shimo hakitabeba jengo la sakafu mbili. Jibu lao ndilo litakaloamua kama milioni 20 zilizotengwa kwa hati na vibali zinatosha, au mama auze magunia mengine ya mahindi kabla ya masika.